Uteuzi na Mseto wa Fonti katika Matini za Kiswahili: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Nyaraka za Afya katika Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala hii inafafanua misingi ya kuteua fonti na kuziweka pamoja katika nyaraka za Kiswahili zinazomfikia msomaji wa kawaida wa Ifakara na bonde la Kilombero, hususani fomu za ridhaa na majedwali ya dozi. Hoja kuu ni kwamba misingi inayofundishwa katika vitabu vya usanifu imetokana na lugha ambazo maneno yake hayajengwi kama ya Kiswahili. Aidha, mseto wa fonti unafaa pale tu kila fonti inapopewa kazi yake, na tofauti baina ya fonti hizo inapoendelea kuonekana hata baada ya hati kutolewa nakala ya nakala.

1.0 Utangulizi

Wakazi wa Ifakara wametia saini karatasi nyingi. Tangu maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ilipoanzishwa mjini hapo katika miaka ya 1950 kwa juhudi za Profesa Rudolf Geigy wa Basel, hadi leo ambapo kazi hiyo inaendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara, kaya za bonde la Kilombero zimeshirikishwa katika tafiti za malaria, za mbu na za afya ya mama na mtoto. Siku hizi kila utafiti wa aina hiyo hutanguliwa na fomu ya ridhaa. Anayeisoma mara nyingi ni mkulima wa mpunga aliyerudi shambani jioni, ameketi kibarazani na mwanga unapungua. Au husomewa na mjukuu wake aliye darasa la sita.

Suala la fonti lilimfikia mtafiti kupitia fomu moja. Fomu hiyo iliandaliwa Dar es Salaam, katika ofisi isiyo na haja ya kutajwa, ikapangwa katika safu mbili: Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Kwa kuwa tafsiri ilikuwa ndefu kuliko matini chanzi, mwandaaji alipunguza saizi ya Kiswahili kutoka pointi 11 hadi pointi 8 ili aya zilingane. Vichwa vya habari aliviweka katika fonti ya kununuliwa. Hati ilipofunguliwa katika duka la steshenari mjini Ifakara, kompyuta haikuwa na fonti hiyo, ikaweka nyingine iliyo pana zaidi. Mistari ilisogea, na mstari wa saini ukaangukia ukurasa wa tatu ukiwa peke yake, bila neno lolote juu yake la kueleza mtu anakubali nini. Nakala zilitolewa na kubebwa hadi kijijini kabla ya yeyote kugundua. Mama mmoja, baada ya kupewa kalamu, aligeuza karatasi, akaitazama, akauliza: "Sasa hapa, mwanangu, nasaini nini?" Mtafiti, ambaye ndiye aliyezibeba fomu, hakuwa na jibu. Fomu zote zilikusanywa na kazi ya siku hiyo ikaahirishwa.

Ridhaa ya mama yule ilikuwa imeharibiwa na maamuzi mawili ya kiusanifu: saizi ya herufi na fonti ya kichwa. Maandiko ya maadili ya utafiti hujadili kwa kina maneno ya fomu ya ridhaa, lakini sura ya maneno hayo yanapofika karatasini huachiwa mtu wa kompyuta.

2.0 Istilahi

Katika makala hii fonti ni seti ya herufi, tarakimu na alama zilizosanifiwa kwa mtindo mmoja. Familia ni fonti hiyo pamoja na ndugu zake: ya kawaida, koza (nene) na mlazo. Serifu ni vijukwaa vidogo vilivyo mwishoni mwa mikwaju ya herufi, kama vinavyoonekana katika Times New Roman, Arial haina. Kimo cha herufi ndogo ni urefu wa herufi kama a, m na u, zisizopanda juu wala kushuka chini ya mstari. Pointi hupima fonti kwa jumla, na kwa hiyo fonti mbili za pointi 12 zinaweza kuwa na herufi ndogo za vimo tofauti kabisa. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 5.0.

3.0 Sura ya Kiswahili katika ukurasa

Fonti nyingi huuzwa na kuonyeshwa kwa sentensi za Kiingereza zilizotungwa ili kila herufi ya alfabeti ionekane. Kwa Kiswahili kipimo hicho hakitoshi. Herufi q na x hazimo katika alfabeti yetu, na c huja pamoja na h tu. Herufi inayotawala ni a. Sentensi "Wananchi wanatakiwa kupanda mapema" ina herufi 31, na 10 kati ya hizo ni a. Jina Ifakara lina a 3 katika herufi 7. Lipangalala, mtaa wa mji huohuo, lina 4 katika herufi 11. Hivyo, anayeteua fonti kwa ajili ya Kiswahili aanze kwa kuitazama a, kwa sababu ndiyo itakayoupa ukurasa mzima rangi yake.

Herufi a ina sura mbili. Katika vitabu vingi ina tumbo dogo chini na mkunjo juu. Katika madaftari ya shule ni duara lenye mkono upande wa kulia. Sura ya kwanza haichanganywi na herufi nyingine, lakini inapokozwa tumbo lake huziba wino. Sura ya pili inamfaa anayeanza kusoma kwa sababu ndiyo anayoiandika kwa mkono wake, lakini nakala ikififia na ule mkono ukakatika, a hugeuka o. Katika nyaraka za afya hatari hiyo ni halisi: homa na hama hutofautiana kwa herufi hiyo moja, vivyo hivyo chanjo na chonjo.

Baada ya a, kinachosumbua ni vijiti. Kiswahili kimejaa i na l zinazofuatana: dalili, mililita, ililiwa. Sentensi nyingi huanza na Ili, Ilikuwa au Iliyo. Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile, na neno Ili likawa vijiti vitatu, kimoja kikiwa na nukta. Bonde hili lina majina mengi yanayoanza na I, kama Ifakara, Idete na Itete, na tarakimu 1 hukaa karibu nayo katika kila orodha ya vijiji na kila maelezo ya dawa. Vitabu vya usanifu vya Kiingereza humwonya msomaji kuhusu r na n zinazosogeleana zikafanana na m. Kwetu sisi r na n hukutana kwa nadra mno, na onyo hilo ni la kuwaachia wenyewe.

Ritifaa nayo haina budi kuangaliwa. Mang'ula, kilipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, huandikwa kwa ritifaa, kama ilivyo ng'ombe na ng'oa. Katika baadhi ya fonti alama hii imewekewa nafasi pana, neno likakatika vipande viwili machoni pa msomaji. Yafaa kuandika Mang'ula katika kila fonti inayofikiriwa kabla ya kuamua.

Suala zito kuliko hayo yote ni ukanushi. Katika lugha ambazo neno la kukanusha husimama peke yake, msanifu anaweza kulikoza neno hilo na msomaji akaliona. Katika Kiswahili ukanushi umo ndani ya kitenzi. "Mtoto anyonyeshwe" na "Mtoto asinyonyeshwe" hutofautiana kwa herufi mbili, s na i, katika neno la herufi 13. Herufi hizo mbili ni nyembamba, na ziko mahali ambapo jicho linalokimbia halitui. Mtafiti amewahi kuona jaribio la kukoza -si- peke yake. Njia hiyo inafaa katika kitabu cha sarufi, ambako lengo ni kuonyesha mofimu; katika tangazo hulivunja neno, na msomaji huanza kulisoma kwa silabi. Pendekezo la makala hii ni kukoza kitenzi kizima kinapokuwa cha kukataza, na kutokukoza kitenzi cha kuagiza katika ukurasa huohuo. Hapo unene wenyewe unakuwa alama ya katazo. Ukurasa uliokozwa kila mahali umeipoteza nafasi hiyo.

Wengi hudhani herufi kubwa tupu zingetatua tatizo. Mfano unaotolewa ni kanga, ambayo jina lake huandikwa kwa herufi kubwa na husomeka hata mvaaji akiwa upande wa pili wa barabara. Mfano huo ni mzuri, ila una masharti yake. Jina la kanga ni mstari mmoja, maneno yake ni machache, na mara nyingi msomaji ameshawahi kulisikia. Ndivyo pia kwa jina Zuia Mbu, lililotumika kuuzia vyandarua katika mradi wa KINET uliotekelezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Ni herufi saba tu, na zingesomeka kwa mtindo wowote. Neno kama WATAKAOHUDHURIA halina bahati hiyo. Kwa herufi kubwa huwa ukuta ulionyooka juu na chini, bila k inayopanda wala y inayoshuka kulipa umbo. ASINYONYESHWE na ANYONYESHWE hukaribiana zaidi zikiwa kubwa kuliko zikiwa ndogo.

Lililobaki ni urefu wa maneno. Maneno marefu yakipangwa katika safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili huacha mapengo makubwa kati yake. Programu ikiachwa iyakate maneno kwa kanuni za Kiingereza, hutoa "nyum-ba" na "Kilom-bero", ilhali silabi zetu ni wazi na mkato sahihi ni nyu-mba na Kilo-mbero. Matini ya Kiswahili inyooshwe kushoto pekee, na upande wa kulia uachwe ufuate maneno. Miongozo mingi ya tasnifu huagiza vinginevyo, na huagiza pia Times New Roman ya pointi 12. Mwandishi wa makala hii ametii, kama watahini watakavyoona.

4.0 Uteuzi

Kutokana na yaliyoelezwa, fonti ya matini ya Kiswahili inahitaji mikwaju inayokaribiana unene, a yenye tumbo lililo wazi, na I, l na 1 zinazotofautiana bila msaada wa muktadha. Times New Roman ilitolewa mwaka 1932 kwa ajili ya gazeti la The Times la London, chini ya usimamizi wa Stanley Morison. Ni fonti ya kubana nafasi, na mikwaju yake myembamba hufifia mapema. Arial, iliyosanifiwa mwaka 1982 kwa vipimo vya upana vilevile vya Helvetica, ni imara lakini ina tatizo la vijiti lililotajwa. Helvetica yenyewe ilizaliwa mwaka 1957 katika kiwanda cha Haas huko Münchenstein, jirani na Basel, kwa hiyo maabara ya Ifakara na fonti hiyo ni watoto wa mtaa mmoja na muongo mmoja. Hilo halitoshi kuwa sababu ya kuitumia.

Fonti mbili zinastahili kuangaliwa zaidi kuliko inavyofanyika nchini. Ya kwanza ni Charis SIL, iliyojengwa juu ya Charter, ambayo Matthew Carter aliisanifu mwaka 1987 akizingatia printa za wakati huo zisizo na uchapaji makini. Kwa kuwa ilikusudiwa vyombo dhaifu, serifu zake ni nene na mikwaju yake haikatiki kirahisi. Ya pili inaitwa Andika, na jina hilo ni kitenzi chetu wenyewe. Haina serifu, na ilisanifiwa mahususi kwa wanaojifunza kusoma: a yake ni ile ya daftari, na herufi zinazofanana zimetenganishwa kwa makusudi. Zote mbili hutolewa bure chini ya leseni huria. Mtu anaweza kuzinakili katika flashi na kumwachia mwenye steshenari, jambo ambalo kwa fonti ya kununuliwa ni kosa kisheria.

5.0 Mseto

Neno mseto lina uzito wake katika nyaraka za afya. Mwaka 2006 Tanzania iliifanya ALu kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na watu wakaizoea kama dawa mseto: dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, kila moja ikiwa na kazi ambayo nyingine haiifanyi. Fonti nazo zichanganywe kwa sharti hilohilo. Ikiwa fonti ya pili haifanyi kazi ambayo ya kwanza imeshindwa, haina sababu ya kuwapo.

Kazi katika fomu ya kawaida ni tatu: kumwelekeza msomaji alipo (vichwa), kumweleza jambo (aya), na kumpa kitu cha kutenda (dozi, tarehe, mahali pa saini). Kwa uzoefu wa mtafiti fonti mbili hutosha kwa kazi zote tatu: Charis SIL kwa aya, na Andika iliyokozwa kwa vichwa na, ikiwa ya kawaida, kwa majedwali. Fonti zinazochanganywa zitofautiane waziwazi. Arial ikiwekwa pamoja na Calibri, msomaji huona kwamba kuna kitu kimebadilika bila kujua ni nini, na hudhani ni kosa la mchapaji. Ikiwa tofauti haiwezi kuwa kubwa, ni heri kubaki na familia moja na kutumia koza yake na mlazo wake.

Hata hivyo, vimo vya herufi ndogo vinapaswa kukaribiana. Herufi ndogo za Arial ni ndefu kuliko za Times New Roman katika pointi ileile, na macho huiona Arial kuwa kubwa zaidi. Katika fomu ya lugha mbili jambo hili huwa la haki. Lugha iliyowekwa katika fonti yenye kimo kifupi, au iliyopunguzwa pointi ili ienee, humwambia msomaji kabla hajasoma neno lolote kwamba yeye si msomaji aliyekusudiwa. Kiswahili kipangwe kwanza, kwa saizi inayosomeka, na lugha nyingine ifuate nafasi iliyobaki. Au, bora zaidi, kila lugha ipewe karatasi yake.

Mlazo hutumika kwa majina ya kisayansi, kama Anopheles funestus, mbu ambaye nyaraka za Ifakara haziwezi kumkwepa. Utumike mlazo uliosanifiwa wa fonti husika, kwani baadhi ya programu hulaza herufi za kawaida kwa nguvu na kuzipotosha. Kuna desturi ya kuyalaza pia maneno ya Kindamba na Kipogoro yanapotokea ndani ya matini ya Kiswahili, kana kwamba ni ya kigeni. Mtafiti haungi mkono desturi hiyo. Jina la mmea ambalo msomaji analifahamu tangu utotoni si geni kwake, na kulilaza ni kumwonyesha ugeni ambao hakuwa nao.

Jedwali la dozi ya ALu linaonyesha mambo haya kwa pamoja. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara. Kuanzia kilo 15 vidonge 2. Kuanzia 25 vidonge 3. Na kuanzia 35 vidonge 4. Mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Tarakimu ni nyingi na maana zake ni nne: uzito, vidonge, mara na siku. Zote zikiwa na sura moja, mama atachukua tarakimu isiyo yake. Katika jedwali lililoandaliwa upya, idadi ya vidonge pekee ndiyo iliyokozwa na kuachwa kama tarakimu; "mara mbili" na "siku tatu" ziliandikwa kwa maneno. Fonti kama Georgia, ambayo tarakimu zake hupanda na kushuka na sifuri yake hufanana na o ndogo, inapendeza katika riwaya lakini haifai hapa.

6.0 Nakala ya nakala

Hati za Kilombero hazisomwi zikiwa zimetoka kwenye printa ya kwanza. Nakala hutolewa steshenari, nakala hiyo hutolewa kopi katika zahanati, na kopi hiyo hupigwa picha kwa simu ikatumwa kwa jamaa. Katika kila hatua mikwaju myembamba hupungua na minene hujaa. Kwa sababu hii fonti nyembamba sana na nene sana hufa pamoja, moja kwa kufutika na nyingine kwa kuziba. Kipimo ambacho mtafiti amekitumia ni chepesi: chapa ukurasa, toa kopi, toa kopi ya kopi, kisha uisome hiyo ya mwisho jioni bila taa. Kama kichwa bado kinajitenga na aya, na asinyonyeshwe bado inajitenga na anyonyeshwe, mseto umefaulu.

Fomu ihifadhiwe pia kama PDF yenye fonti ndani yake. Pale inapolazimu kutuma hati inayohaririwa, itumike fonti yenye mbadala wa vipimo vilevile. Liberation Serif huchukua nafasi ya Times New Roman, na Carlito nafasi ya Calibri, bila mstari kusogea.

Fomu iliyosimuliwa mwanzoni ilipangwa upya kwa njia hii: karatasi ya Kiswahili peke yake, Charis SIL ya pointi 12, vichwa katika Andika iliyokozwa, na kitenzi kimoja tu kilichokozwa katika kila katazo. Ilirefuka kwa ukurasa mmoja, na bajeti ya karatasi ilibidi iombewe nyongeza. Aya ya "Nimesomewa na nimeelewa" ilifungwa pamoja na mstari wa saini ili programu isiweze kuzitenganisha. Kando ya mstari huo kiliwekwa kisanduku cha dole gumba, chenye upana wa sentimita tatu, kwa kuwa kile cha awali kilikuwa kidogo kuliko kidole na wino ulikuwa ukifunika tarehe.